Kwa Mheshimiwa Dokta Mkurugenzi: ombi dogo kuhusu jibu kubwa

Mheshimiwa Dokta Mkurugenzi,

Shikamoo.

Natanguliza shikamoo ingawa kwa umri mimi ndiye niliyetangulia kuja duniani. Mtu aliyekwisha kumwona mwenziwe bila suruali, naye amevaa tai, anastahili kuamkiwa. Uniwie radhi pia kwa kukufikia kwa njia hii ya gazeti. Nilianza kwa adabu zote pale mapokezi ya hospitali yako, na yule binti akanieleza kwa upole kwamba Mkurugenzi haonani na mgonjwa aliyekwisha kupewa majibu yake. Nikaondoka nimeelewa: mwenye majibu hana tena maswali.

Mimi ni mzima, wasiwasi ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu, kule ghorofa ya juu nyuma ya mlango wa kioo. Dhumuni la barua hii ni kukuomba, kwa heshima na taadhima, jambo ambalo kwa mtu wa elimu yako ni dogo mno. Uliniambia nina hepesi, yaani malengelenge ya sehemu za siri. Naomba kujua umejuaje.

Nafahamu kwamba swali hilo halina adabu. Kwetu Tanga tumelelewa kwamba daktari, mwalimu na shehe huulizwa "nifanye nini?", hawaulizwi "umejuaje?". Kwa hiyo nitajieleza polepole, nawe ukichoka ruka mpaka mwisho, nilikoliweka ombi lenyewe.

Nikukumbushe kisa, maana wagonjwa wako ni wengi. Nilikuja na alama moja tu, ya duara, upana wa sarafu, rangi ya zambarau iliyoelekea weusi, mahali ambapo sitapataja kwa kuwa umekwisha kupaona. Ilianza usiku kwa muwasho na kuungua-ungua. Kulipokucha ngozi imevimba. Baadaye ikachubuka, ikabaki nyama mbichi yenye doa jeusi pembezoni. Sikuwa na homa. Sikuwa na mtoki. Wala sikuona kile kishada cha vilengelenge vidogo vyenye maji ambacho vitabu hukitaja. Na haikuwa mara ya kwanza: iliwahi kunitokea huko nyuma, pale pale, si kushoto wala kulia kwake.

Hayo yote nilikuwa nimeyapanga nikiwa kwenye benchi, nikiyatafutia maneno ya staha. Sikuyahitaji. Uliniambia nishushe, nikashusha. Ukanitazama ukiwa umekaa, meza kati yetu, simu sikioni. Ukamwambia yule wa kwenye simu asubiri kidogo, ukaniambia mimi, "Hepesi hiyo, mzee, kapime damu," ukamrudia aliyekuwa akisubiri. Kasi hiyo ilinivutia sana. Na kwa kuwa mlango ulikuwa wazi, wenzangu wa kwenye benchi nao walifaidi elimu yako. Ndiyo maana sikuona ubaya barua hii nayo ikiwa ya wazi.

Maabara yako nayo haichelewi. Karatasi ilitoka na mstari mmoja: HSV 1 na 2, IgM, na mbele yake pameandikwa kuwa ni chanya, pamezungushiwa kalamu nyekundu mara mbili. Namba hapakuwa. Nikapewa vidonge vya asaikloviri na agizo la mdomo: "Mlete na mama."

Mama ni mke wangu. Tumeoana tangu enzi za urais wa Mzee Ruksa, na katika muda wote huo hatujawahi kupeana karatasi yenye wino mwekundu. Aliisoma akiwa amesimama jikoni, akaikunja mara nne, akaniuliza, "Umeitoa wapi?" Usiku ule akahamia chumba cha binti yetu, na chakula changu kikawa kinaletwa kimefunikwa, bila maneno. Swali lake, Mheshimiwa, ndilo lililonifanya nianze kusoma. Nililitafutia jibu kwenye karatasi yako nikalikosa, na kadiri nilivyosoma nikatambua kwamba hata karatasi bora kuliko yako isingelijibu.

Tafadhali usinielewe vibaya. Sisemi kwamba haiwezekani niwe nayo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 520 wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na kirusi cha HSV-2, ambacho ndicho mletaji mkuu wa malengelenge ya chini yanayojirudia, na Afrika ndiko kilikoenea zaidi. Nduguye HSV-1 ana hesabu kubwa kuliko hiyo: watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50, asilimia 64 ya wote. Huyo wengi humpata utotoni, na ndiye wa vile vipele vya mdomoni tunavyosema homa imetokea mdomoni, ingawa naye akishushwa chini kwa mdomo huweza kuleta vidonda huko huko. Mimi nimeupita umri wa hesabu hizo, lakini ujana sikuuruka. Kuhesabiwa katika umati huo si fedheha, na anayeona fedheha anahitaji kuelimishwa, si kufichwa.

Isitoshe, wengi walio na HSV-2 hawajui kama wanayo. Kirusi kikishaingia hujificha kwenye mishipa ya fahamu karibu na uti wa mgongo, na kinaweza kukaa humo miaka mingi bila kutoa hata kipele. Siku kinapotoka kidonda cha kwanza, hicho si ushahidi kwamba maambukizi yaliingia wiki iliyopita. Mtu anaweza kuwa alikuwa na kirusi tangu kabla ya posa, mume au mke, bila kosa lolote ndani ya ndoa. Sentensi hiyo moja ungeitamka mbele yetu sote wawili siku ile ya "mlete na mama", ungekuwa umetibu nyumba nzima kwa ada ya kumwona daktari mara moja. Lakini foleni ilikuwa ndefu, na mimi si mtu wa kukulaumu kwa foleni.

Sasa kuhusu hiyo IgM. Nakusihi usiudhike nikikusimulia mambo ya kazi yako. Nayasema ili unisahihishe. Mwili ukiingiliwa na kirusi hutengeneza kingamwili. Zinazotangulia huitwa IgM, zinazokaa huitwa IgG. Kwa hiyo mtu hudhani kwamba IgM ikionekana basi ugonjwa ni mpya. Kwa magonjwa mengine dhana hiyo ina msaada. Kwa hepesi inapotosha. IgM huweza kujitokeza tena kwa mtu mwenye maambukizi ya zamani pale yanapoamka, na kipimo chake hakitenganishi HSV-1 na HSV-2. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, CDC, katika mwongozo wake wa magonjwa ya zinaa wa 2021, kimeandika bila kumung'unya maneno kwamba kipimo cha IgM cha hepesi hakina faida na hakipendekezwi.

Kwa tafsiri ya upole kabisa, basi, karatasi yangu inasema hivi: huenda mzee huyu ana kirusi cha mdomoni alichokipata akiwa mtoto, huenda ana kile kingine, na huenda hana hiki wala kile. Kwa jibu hilo nililipa dirishani, nikapewa risiti iliyokuwa sahihi mpaka shilingi ya mwisho.

Hata IgG inayotenganisha aina hizo mbili, ambayo ina maana zaidi, haitaki kusomwa kwa haraka. Yenyewe hutoa namba. Kwa kipimo kimoja kinachotumika sana Marekani, namba ikifika 1.1 huitwa chanya. Lakini CDC inaonya kwamba chanya ya chini, ile isiyofika 3, mara nyingi ni ya uongo, na inataka ithibitishwe kwa kipimo cha pili cha namna tofauti. Jopo la wataalamu linaloishauri nchi hiyo kuhusu kinga lilitoa ushauri mwaka 2016, likaurudia 2023, kwamba mtu asiye na dalili asipimwe hepesi kwa damu. Hesabu zao zilionyesha kwamba katika upimaji wa namna hiyo karibu nusu ya majibu ya chanya yangeweza kuwa ya uongo.

Nusu, Mheshimiwa. Ndoa moja kati ya kila mbili ingehamia chumba cha binti bure.

Tusije tukasema hayo ni ya Wamarekani. Kule Rakai, Uganda, ng'ambo tu ya mpaka wetu wa Kagera, watafiti waliolinganisha vipimo hivi vya kingamwili na kipimo cha uthibitisho kiitwacho Western blot waliona vinawaita watu "chanya" kupita kiasi, ikabidi wapandishe ile namba ya mpaka ndipo majibu yawe ya kuaminika. Na upande wa pili wa shilingi upo pia: kingamwili huweza kuchukua hadi wiki 12 kuonekana, kwa hivyo anayepimwa mapema akaambiwa hasi asishangilie.

Kipimo chenye neno zito zaidi ni kile kinachochukuliwa kwenye kidonda chenyewe. Kidonda kikiwa bado kibichi, kijiti cha pamba hupitishwa kwenye kitako chake, na sampuli hiyo ikapelekwa kwenye mashine ya PCR, inayotafuta vinasaba vya kirusi na kusema kama ni HSV-1 au HSV-2. Najua si kila maabara ina vitendanishi vya kazi hiyo. Najua pia kwamba jibu hasi halimalizi mjadala, kwa sababu kidonda kikishaanza kukauka kirusi huweza kisikamatwe. Lakini kidonda changu kilikuwa kibichi siku ile, nacho kilikuwa mbele yako, na wewe ukanituma nikatoe damu mkononi.

Nisikuchoshe, nikueleze nilikokwenda. Nilikwenda kituo cha serikali, kumwona ofisa tabibu. Hana tai. Hana hata feni. Kijana huyu amesomea magonjwa ya ngozi Moshi, pale ambapo tangu miaka ya 1990 kuna chuo cha kanda kinachowafundisha kazi hiyo watabibu wa nchi nyingi za Afrika. Alifunga mlango. Akavaa glavu, akainama na tochi, akaligusa doa pembezoni kwa kidole, akaniuliza kama linauma. Kisha akauliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mzee wangu, kila lilipotokea hili, ulikuwa umekunywa dawa gani?"

Nikacheka. Nikamwambia tumbo likinichafuka hununua Septrini duka la dawa, kama watu wote. Hakucheka. Akauliza kama nimewahi kupata doa la namna hiyo sehemu nyingine, nami nikakumbuka lile la kwenye mdomo wa chini, enzi za Fansida, dawa tuliyopewa kwanza kwa malaria hapa nchini kuanzia 2001 mpaka 2006. Ndipo akanieleza kwamba Septrini na Fansida zote mbili zina dawa za jamii ya salfa, na kwamba wapo watu ambao ngozi yao huikataa salfa kwa namna ya ajabu: badala ya vipele mwili mzima, hutoka doa moja au mawili, la duara, rangi ya zambarau, lenye kuwasha na kuungua, wakati mwingine likatoa lengelenge na kuchubuka. Hupenda midomo, vidole na sehemu za siri. Dawa ikinywewa tena, doa huamka pale pale, mara nyingi ndani ya saa chache. Likipona huacha weusi. Na salfa haiko peke yake katika tabia hiyo; doksisaiklini na baadhi ya dawa za maumivu nazo hufanya hivyo.

Unaona mtego ulipo, Mheshimiwa. Hepesi nayo hujirudia, hupenda kutokea karibu na pale pale, hutanguliwa na muwasho, huchubuka, hupona yenyewe. Mtu akitazama kutoka upande wa pili wa meza, tofauti haionekani. Kinachotofautisha ni kuuliza.

Lakini sikukuandikia kumsifu kijana huyo kwa kugundua. Namsifu kwa alichosema baada ya hapo: "Sina uhakika bado." Akaniambia akiniangalia usoni. Akasema anadhani ni dawa, ila hawezi kuapa. Akaagiza nipimwe kaswende na VVU kwanza kabisa. Akaniandikia kwenye daftari la kliniki, kwa herufi kubwa, kwamba nisipewe salfa. Akasema doa likitokea tena niende siku hiyo hiyo kabla halijakauka. Na kwamba nikitaka kupima damu kwa hepesi nisubiri miezi mitatu ipite, nitake IgG yenye kutenganisha aina, na nije na namba. Mgonjwa mwingine angekasirika kusikia daktari hana uhakika. Mimi nililala usingizi wa kwanza wa maana.

Kaswende na VVU vikatoka hasi. Miezi ikapita, nikapima: HSV-1 chanya, kama nusu ya dunia na zaidi, HSV-2 hasi, na namba yake iko chini sana ya mpaka. Tangu niachane na Septrini doa halijarudi. Kijana hakunishauri ninywe tena ili tuthibitishe, na mimi kwa hiari yangu sikuomba.

Utaniambia, na utakuwa na haki, kwamba hapa kwetu hatuwezi kusubiri maabara kwa kila kidonda. Naam. Tunajua ilivyosaidia kutibu kwa dalili. Jaribio la Mwanza la 1991 hadi 1994, katika jamii 12 za vijijini, lilionyesha kwamba kuboresha tu matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye zahanati na vituo vya afya, kwa kufuata dalili bila vipimo vya gharama, kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa karibu asilimia 40. Dunia nzima ilijifunza kwetu, na mimi kama Mtanzania nalitaja jambo hilo nikiwa nimevimba kichwa. Lakini kutibu kwa dalili ni kusema: "Sijui ni kipi kati ya hivi, kwa hiyo nakutibu vyote vinavyowezekana." Wewe hukusema hivyo. Ulisema kimoja, ukatibu kimoja, ukakipigia mhuri.

Na hapo ndipo woga wangu ulipo, maana safari hii ilikuwa ni Septrini. Kesho kwa mwingine itakuwa kaswende. Kidonda cha kwanza cha kaswende kwa kawaida hakiumi, na hupona chenyewe ndani ya wiki 3 hadi 6, kitibiwe kisitibiwe. Mpe mtu huyo asaikloviri: kidonda kitafunga, atakushukuru, atakuletea na embe za msimu, huku kaswende ikiendelea na safari yake ndani ya mwili, ikimsubiri na mkewe mjamzito. Asaikloviri haiigusi kaswende. Sindano ya penisilini ndiyo inayoiondoa. Ipo na pangusa, ipo na fangasi, upele, vinyweleo vilivyoota ndani baada ya wembe, mkanda wa jeshi unaoshuka mpaka makalioni, na tangu 2025 tuna mpox iliyothibitishwa humu nchini, ambayo nayo hupenda sehemu hizo hizo. Kupona baada ya vidonge vyako hakuthibitishi chochote kama ugonjwa wenyewe ulikuwa wa kupona peke yake.

Wapo pia kina mama. Mwanamke mimba imetoka, bado analia, anapimwa kifurushi kiitwacho TORCH, hepesi ikiwemo, kwa IgM hiyo hiyo. Inatoka chanya, anaambiwa hiki ndicho kilichoitoa mimba, na kabla hajafika nyumbani mashemeji wameshajua yeye ni mtu wa namna gani. Jibu ambalo haliwezi kusema ni kirusi kipi wala kimeingia lini haliwezi kumtaja aliyeua mimba. Kinachoogopwa hasa ni mama kuambukizwa kwa mara ya kwanza mimba ikiwa imekaribia kufika, mtoto akakutana na kirusi wakati wa kuzaliwa. Ni hatari kweli, ila ni nadra, kadirio la dunia likiwa watoto 10 kwa kila vizazi 100,000. Hayo naona yangesemwa kwa mwanamke huyo akiwa ameketi, pamoja na mtu wake, mlango ukiwa umefungwa.

Wala sitaki msomaji wa gazeti hili aichukue barua yangu akatupe vidonge vyake chooni. Aliyepimwa kidonda kwa PCR kikaonekana kirusi, huyo anayo, na asidanganyike na kisa cha mzee wa Septrini. HSV-2 humwongezea mtu uwezekano wa kupata VVU karibu mara tatu. Kujua kweli kuna faida. Kuna dawa za kufupisha mashambulizi na za kuyapunguza, kuna kondomu, kuna kumwambia mwenza, kuna maisha marefu na ndoa na watoto. Ila ajue kweli. Asijulishwe kwa kutazamwa.

Ombi langu, basi, Mheshimiwa, ambalo naliweka chini ya miguu yako pamoja na kofia yangu. Mgonjwa wako anayefuata, kabla hujamtamkia, mwulize alama ilianzaje na amekunywa nini. Kidonda kikiwa kibichi, kichukulie sampuli au mwelekeze penye uwezo wa kuichukua. Kama hapana, mwandikie "natibu kama hepesi, haijathibitishwa", usimwandikie "ana hepesi", na kaswende usiisahau. IgM ya hepesi iondoe kwenye orodha yako ya bei. Najua inaingiza, lakini hospitali yako ina vyanzo vingine vingi vya mapato. Karatasi ya majibu iwe na jina la kipimo, aina ya kirusi na namba. Na mgonjwa akikuuliza "umejuaje?", usimwone kuwa amekuvunjia heshima. Anakuomba umpe sababu ya kukuamini nyumbani kwake, mbele ya mtu ambaye hukumwona na ambaye naye ataulizwa.

Kwangu mimi nabakiwa na dai moja tu. Ule mstari wa IgM bado uko ndani ya faili langu, nami sitaki uufute, kwa kuwa kufuta ni kuharibu kumbukumbu za hospitali. Naomba uandike chini yake, kwa kalamu ya rangi yoyote uipendayo: "Jibu hili lilikuwa la IgM na halithibitishi hepesi. IgG ya HSV-2 baada ya miezi mitatu: hasi. Asipewe salfa." Kisha utie sahihi na tarehe. Nitakuja kuchukua nakala siku utakayoipanga, na mke wangu amesema safari hii atakuja bila kuitwa.

Wako mtiifu,
Mzee wa Septrini, Tanga